Kutoa Nyota, Kubakiza Vumbi: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Diski za Vumbi Kwenye Nyota za Jirani

Ukifungua picha ghafi ya nyota yenye diski ya vumbi, kwa kawaida diski huioni. Unaona mwanga wa nyota uliomwagika kila upande: miali iliyochanua kutoka katikati, duara hafifu, madoadoa yaliyotapakaa. Vumbi limo humo humo chini ya mwanga huo, hafifu kuliko nyota mara maelfu au mamilioni. Kazi yote ninayoieleza hapa ni moja: kuitoa nyota kwenye picha bila kulitoa vumbi pamoja nayo. Kuitoa nyota siku hizi si shida, maana programu zipo na data ziko wazi. Kulibakiza vumbi likiwa na umbo lake halisi ndiko kunakowashinda wengi, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Unahitaji kompyuta ya kawaida, Python kidogo, na utayari wa kurudia hatua ileile mara kumi. Darubini si lazima.

Vumbi lenyewe ni nini

Usizichanganye diski hizi na zile zinazozaa sayari. Nyota changa huzungukwa na diski nene ya gesi na vumbi, nayo hutoweka ndani ya miaka milioni kadhaa. Baada ya hapo hubaki sayari, asteroidi na nyotamkia. Miamba hiyo hugongana, vipande vyake hugongana tena, hadi inasagika kuwa unga. Unga huo haudumu. Chembe ndogo sana husukumwa nje na mwanga wa nyota, na zilizo kubwa kidogo hupoteza mwendo polepole zikazama kuelekea nyota. Kwa hiyo vumbi likionekana leo, ujue miamba inagongana mpaka leo. Jua letu lina Ukanda wa Kuiper wa aina hiyohiyo, ila vumbi lake ni haba mno.

Habari hizi zilianza mwaka 1983, setilaiti ya IRAS ilipokuta Vega inatoa mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho, hutolewa na vitu vyenye joto) kupita kiasi kinachotazamiwa kwa nyota kama ile. Fomalhaut, Beta Pictoris na Epsilon Eridani zikaonekana vivyo hivyo. Mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile, kwa darubini ya mita 2.5 ya Las Campanas nchini Chile, waliifunika Beta Pictoris kwa kizuizi ndani ya kamera, na pande mbili za kizuizi ukachomoza mstari wa mwanga. Ilikuwa diski, tunayoitazama kwa ubavu. Kifaa cha kufunika nyota namna hiyo huitwa koronagrafu, kwa kuwa kilibuniwa kwanza kwa ajili ya kuitazama korona ya Jua.

Hatua ya 1: Chagua nyota kwa hesabu

Anza na ukubwa wa diski angani. Chukua umbali wa vumbi kutoka nyota yake kwa vizio astronomia (kimoja ni umbali wa Dunia na Jua), ugawanye kwa umbali wa nyota kutoka kwetu kwa parseki (moja ni miakanuru 3.26). Jibu ni sekunde za tao, na sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3600. Pete ya Fomalhaut iko kwenye vizio 140 na nyota iko parseki 7.7, kwa hiyo pete iko sekunde 18 kutoka nyota: mbali kabisa na mng'ao mkali. Pete ya HR 4796A iko kwenye vizio 77 hivi, lakini nyota iko parseki zaidi ya 70, na pete inabaki kwenye sekunde moja tu. Hiyo inadai darubini kubwa yenye kioo kinachorekebisha mtikisiko wa hewa.

Namba ya pili ni sehemu ya mwanga wa nyota inayomezwa na vumbi na kutolewa tena kama joto. Kwa Beta Pictoris ni kama 2 kwa 1,000. Kwa Fomalhaut ni kama 8 kwa 100,000. Ikiwa chini ya 1 kwa 10,000, diski huwa ngumu kupatikana kwa mwanga unaoonekana, isipokuwa iwe kubwa na ya karibu kama Fomalhaut.

La tatu ni mwinamo. Diski inayotazamwa kwa ubavu hurundika vumbi lote kwenye mstari mwembamba, kwa hiyo hung'aa. Inayotazamwa kwa uso hutandaza vumbi lilelile eneo kubwa, na ikiwa laini bila kingo kali, mbinu nyingi hulifuta pamoja na nyota. Vega ni mfano mzuri: iko miakanuru 25 tu, tunaitazama karibu kwa uso, na picha za darubini ya anga ya James Webb (JWST) zilizotolewa mwaka 2024 zilionyesha diski laini mno.

Ushauri wangu: anza na Beta Pictoris. Iko miakanuru 63, diski yake inang'aa, iko kwa ubavu, na jirani yake angani ni Alpha Pictoris, nyota ya aina inayokaribiana nayo ambayo watafiti huitumia kulinganisha. Tena inawezekana hata kwa vifaa vya ridhaa. Mwaka 2011 Rolf Wahl Olsen wa New Zealand aliipata diski hii kwa darubini yake ya kioo cha sentimita 25, kwa kupiga Beta Pictoris, kisha Alpha Pictoris, kisha kutoa moja kwenye nyingine. Ukishaielewa Beta Pictoris, nenda AU Microscopii, kisha HR 4796A.

Hatua ya 2: Amua ni mwanga gani

Vumbi huonekana kwa njia mbili, na kila njia huonyesha vumbi tofauti. Watu wengi hulisahau jambo hili wanapolinganisha picha.

Ya kwanza ni mwanga wa nyota uliogonga chembe ukatawanyika. Huu hupigwa kwa mwanga unaoonekana na infraredi ya karibu, kwa Hubble au darubini za ardhini kama VLT yenye kifaa cha SPHERE. Unatawaliwa na chembe za ukubwa wa mikromita (sehemu moja ya milioni ya mita), zile zile zinazosukumwa nje na mwanga, ndiyo maana picha hizi mara nyingi huwa na ukungu mpana unaoenea mbali kupita ukanda wenyewe wa miamba.

Ya pili ni joto la vumbi lenyewe. Kadiria hivi: chukua kelvini 278, gawanya kwa mzizi wa pili wa umbali wa vumbi kwa vizio astronomia, kisha zidisha kwa mzizi wa nne wa mng'aro wa nyota ukilinganishwa na Jua. Fomalhaut inang'aa kama Jua mara 16 au 17, kwa hiyo vumbi la pete yake lina kelvini kama 48, na hutoa mwanga mwingi zaidi karibu na mikromita 60. Hewa ya Dunia haipitishi mwanga huo. Ilikuwa kazi ya darubini ya anga ya Herschel. JWST huishia karibu na mikromita 28, kwa hiyo hulinasa vizuri zaidi vumbi lenye joto la ndani, na ndivyo mwaka 2023 ilivyoonyesha kwamba Fomalhaut ina kanda tatu, moja ndani ya nyingine. ALMA, antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor wenye kimo cha mita 5,000 hivi, hunasa mwanga wa milimita kutoka kwenye chembe kubwa. Chembe hizo hazisukumwi kirahisi, kwa hiyo hukaa pale pale miamba inapogongana.

Ukitaka kujua ukanda wa miamba uko wapi hasa, tumia ALMA. Ukitaka kuona mwanga wa nyota unalifanya nini vumbi, tumia Hubble au SPHERE.

Kagua pia ukali wa picha: gawanya urefu wa wimbi kwa kipenyo cha kioo, zidisha kwa 206,265. Hubble kwenye mikromita 0.6 hutofautisha sekunde 0.05. JWST kwenye mikromita 23 hufikia sekunde 0.7, kwa hiyo HR 4796A humo itakuwa kama doa lililovimba.

Hatua ya 3: Pata data

Data za Hubble na JWST ziko kwenye hifadhi ya MAST, za VLT kwenye hifadhi ya ESO, za ALMA kwenye hifadhi yake yenyewe. Waliopiga picha hupewa muda wa kuzitumia peke yao, mara nyingi hadi mwaka mmoja, kisha kila mtu huruhusiwa kuzipakua bure. Tafuta kwa jina la nyota, kisha chuja kwa kifaa. Kwa zoezi la kwanza chagua kamera ya STIS ya Hubble, ambayo ina kabari na kijiti cha kufunikia nyota.

Pakua seti nzima: picha za nyota yako kwenye kila pembe ya kuzungushia darubini, na za nyota ya kulinganisha zilizopigwa kwenye mizunguko ya Hubble iliyo jirani. Hili la ujirani si dogo. Hubble hupashwa joto na kupoa kila inapozunguka Dunia, fokasi yake hubadilika kidogo, na chapa ya nyota (umbo la mwanga wake kwenye picha) hubadilika nayo. Nyota ya kulinganisha iliyopigwa mwezi mwingine inaweza kukuachia duara za uongo.

Faili zitakuwa za aina ya FITS, muundo wa picha wanaoutumia wanaastronomia. Soma kichwa cha kila faili kwanza: jina la nyota, muda wa kupiga, kichujio, mwelekeo wa kaskazini. Andika haya kwenye jedwali lako kwa mkono. Nusu saa ya jedwali hilo inaokoa siku tatu za kutafuta kwa nini diski imegeuka upande.

Hatua ya 4: Safisha

Ondoa pikseli zilizokufa na michirizi ya miale ya anga kwenye kila picha peke yake, kabla ya kuunganisha. Toa mwanga wa anga kwa kupima pembe za picha zilizo mbali na nyota. Kama diski ni kubwa, hakikisha pembe hizo haziko juu yake. Weka alama kwenye pikseli zilizojaa mwanga na zilizo nyuma ya kabari, uziache nje ya hesabu zote. Usizijaze kwa wastani wa majirani. Mahali pasipo na kipimo paachwe pasipo kipimo.

Hatua ya 5: Tafuta kitovu

Nyota imefichwa nyuma ya kizuizi, nawe unahitaji kujua iko wapi kwa usahihi wa sehemu ndogo ya pikseli. Hubble hutoa miali minne inayosababishwa na vishikizo vya kioo kidogo. Chora mstari kwenye kila jozi ya miali. Inapokutana ndipo nyota ilipo. SPHERE hutumia njia nyingine: kioo chake kinachojirekebisha hupewa mikunjo midogo, nayo huzaa nakala nne hafifu za nyota zinazouzingira kitovu.

Kitovu kikikosewa hata kwa robo ya pikseli, ukitoa nyota utapata upande mmoja mweupe na wa pili mweusi, na ni rahisi sana kudhani diski imeelemea upande mmoja. Ukiona mwegemeo wa namna hiyo, rudi hapa kwanza.

Hatua ya 6: Toa nyota

Hapa ndipo vumbi huokoka au hupotea. Kuna njia nne, na chaguo linategemea umbo la diski.

Njia ninayoiamini zaidi ni nyota ya kulinganisha. Unachukua picha ya nyota isiyo na diski, ya rangi inayofanana, unaisogeza mpaka vitovu vipatane, unaipunguza au kuiongeza mwanga mpaka miali ifanane, kisha unaitoa. Rangi ni muhimu hasa kwa STIS, ambayo koronagrafu yake haina kichujio: nyota nyekundu na nyota ya buluu huacha chapa tofauti. Alpha Pictoris inang'aa kuliko Beta Pictoris kama mara 1.7, kwa hiyo kizidisho chako kitakuwa karibu na 0.58, kikirekebishwa na muda wa kupiga. Usikubali namba hiyo moja kwa moja. Jaribu vizidisho kadhaa, na upime mabaki kwenye miali na kwenye sehemu za picha zilizo mbali na mstari wa diski. Ukiruhusu hesabu itazame picha nzima, itapandisha kizidisho ili kulifunika vumbi nalo, na utaishia kula diski bila kujua.

Njia ya pili ni mzunguko. Darubini za ardhini zinaweza kuacha anga lizunguke mbele ya kamera huku madoa ya vioo yakibaki palepale. Unapata wastani wa picha zote, unautoa kwenye kila picha, kisha unazizungusha kaskazini iwe juu na kuziunganisha. Kwa kutafuta sayari ni njia nzuri mno. Kwa diski ni hatari. Sehemu ya diski ambayo haikusogea vya kutosha huingia kwenye wastani na kujitoa yenyewe. Piga hesabu kabla: kwenye sekunde moja kutoka nyota, mzunguko wa digrii 30 husogeza vumbi sekunde 0.5 tu. Diski ya ubavu iliyo nyembamba kuliko hapo itaokoka, ingawa itakondeshwa na kuwekewa mabawa meusi pande zote mbili. Pete iliyoinama itabaki ncha zake mbili na kupoteza sehemu za kati. Diski ya uso, iliyo duara, itafutika yote, kwa kuwa duara likizungushwa halibadiliki.

Njia ya tatu huongeza hesabu juu ya hizo mbili: algorithimu ya vipengele vikuu, iliyomo kwenye programu huria za pyKLIP na VIP. Huchambua rundo la picha za nyota, hutoa maumbo yanayojirudia, na hujenga chapa inayofaa kila picha. Namba muhimu hapa ni idadi ya vipengele. Anza na kimoja, kisha viwili, vitano, kumi, na uzipange picha zote ubavuni. Mpaka idadi fulani mabaki ya nyota hupungua, kisha diski yenyewe huanza kuliwa. Mimi husimama mapema. Heri picha yenye madoa machache na diski nzima kuliko picha safi yenye nusu ya diski.

Ya nne ni polarizesheni, na kwa HR 4796A inapendeza kuliko zote. Polarizesheni ni mawimbi ya mwanga kutikisika zaidi kwenye mwelekeo mmoja. Mwanga wa nyota kwa kawaida karibu hauna polarizesheni. Mwanga uliotawanywa na vumbi unayo. SPHERE hugeuza kibao chake cha kuzungusha polarizesheni kwenye pembe nne (0, 45, 22.5 na 67.5), na ukitoa picha moja kwenye nyingine nyota hujifuta, vumbi likabaki. Matokeo hupangwa katika ramani mbili: moja hubeba mwanga wa diski, ya pili inatakiwa ibaki kelele tupu, yaani madoadoa ya bahati nasibu yasiyo na umbo. Hiyo ya pili ni zawadi kubwa, kwa maana inakupa kipimo cha makosa bure. Ila kumbuka umepata sehemu tu ya mwanga wa vumbi, na sehemu hiyo hubadilika kwa pembe ya kutawanyika.

Hatua ya 7: Jaribu kuikanusha picha yako

Sasa kuna kitu kwenye skrini. Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, fanya majaribio haya.

Gawa data mara mbili, nusu kwa nusu, uchakate kila moja peke yake. Diski ya kweli iko kwenye zote. Kisha zungusha picha kinyumenyume, yaani kwa pembe hasi: vumbi litatawanyika lote na kubaki ramani ya kelele. Kama na humo unaona pete, pete yako ya kwanza nayo ina mashaka.

Jaribio la tatu ndilo la lazima kuliko yote. Tengeneza diski bandia ya umbo unalolijua, iweke kwenye data ghafi kwenye mwelekeo usio na diski halisi, au kwenye data za nyota isiyo na diski, kisha pitisha yote kwenye hatua zilezile. Linganisha ulichoweka na kilichotoka. Ukiweka pete pana ikatoka pete nyembamba yenye ukingo mkali wa ndani, umejifunza kwamba ukingo mkali kwenye picha yako halisi hauthibitishi kuwepo kwa sayari. Ninasisitiza hili kwa sababu ukingo mkali ndio watu hukimbilia kuuelezea kwa sayari.

Na kitu chochote kilicho karibu na diski kipe muda. Mwaka 2008 ilitangazwa sayari kwenye Fomalhaut kutoka picha za Hubble. Picha za miaka iliyofuata zilionyesha inafifia na kutanuka, na mwaka 2020 András Gáspár na George Rieke walieleza kwamba inafanana zaidi na wingu la vumbi la mgongano. Doa lililoonekana na JWST kwenye pete hiyohiyo mwaka 2023 lilichambuliwa tena likaonekana huenda ni galaksi ya mbali, nyuma kabisa. Nyota za jirani husogea angani kwa kasi ya kuonekana, galaksi hazisogei. Picha mbili zilizoachana miaka michache humaliza ubishi mwingi.

Hatua ya 8: Pima kwa modeli

Usipime moja kwa moja kwenye picha iliyochakatwa. Jenga modeli ya diski (nusu kipenyo, upana, mwinamo, mwelekeo, na namna chembe zinavyotawanya mwanga mbele au nyuma), ipitishe kwenye njia ileile ya kutoa nyota, kisha ilinganishe na picha. Badili modeli mpaka mabaki yawe kelele. Kwa pete, mwinamo wa kuanzia unaupata kwa kugawanya kipenyo kifupi kwa kirefu: hiyo ni kosaini ya pembe. Ruhusu kitovu cha pete kisiwe kwenye nyota. Pete ya Fomalhaut imehama vizio 15 kutoka kwa nyota yake, na aliyelazimisha vitovu vilingane asingeliona hilo kamwe.

Upande mmoja wa diski ukiwa mkali kuliko mwingine, mara nyingi ni upande ulio karibu nasi, kwa sababu chembe ndogo hupeleka mwanga mbele zaidi.

Ukitumia ALMA

Hapa nyota si tatizo, maana kwenye milimita inang'aa kidogo. Tatizo ni kwamba antena hazipigi picha. Kila jozi ya antena hupima kipande kimoja tu cha taarifa za umbo la chanzo, na picha hujengwa baadaye kwa programu ya CASA. Antena zikiwa mbali sana moja na nyingine, vumbi lililotandaa halipimwi kabisa na hutoweka kimyakimya, kwa hiyo chagua data zenye mipangilio ya karibu pia. Kila antena ya mita 12 huona kama sekunde 25 za anga kwenye milimita 1.3; pete ya Fomalhaut ina kipenyo cha sekunde 36, ndiyo maana ilipigwa kwa vipande na kuunganishwa. Kwa AU Microscopii, kagua muda kwa muda: nyota hiyo hulipuka, na mlipuko mmoja unaweza kujifanya vumbi la katikati. Na linganisha modeli na vipimo vya antena vyenyewe, picha iwe ya kutazama tu.

Kuhifadhi na kuonyesha

Hifadhi faili tatu za FITS pamoja: picha ya diski, ramani ya kelele, na ramani ya pikseli zilizofunikwa. Ongeza faili ya maandishi yenye kizidisho ulichotumia, idadi ya vipengele, kitovu cha kila picha na pembe zake. Kwenye picha ya kuonyesha, paka kizuizi rangi moja ya kijivu ili mtazamaji asidhani ni shimo kwenye diski, weka alama ya nyota mahali ilipo, mshale wa kaskazini, na mstari wa kipimo kwa sekunde za tao na kwa vizio astronomia. Tumia ngazi ya mwanga ya logarithimu kwa diski zenye ukungu mpana, na andika kando ya picha mwanga wa chini kabisa na wa juu kabisa ulioonyesha.